Nguo, Uungwana na Utu: Fundisho la Historia kwa Watumishi wa Kanisa

Utangulizi

Mwanzoni mwa mwezi Machi 1522 wanafunzi wawili kutoka Uswisi walikuwa njiani kwenda Wittenberg kujifunza theolojia. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, nao walipofika mji wa Jena wakapata malazi katika nyumba ya wageni iliyoitwa Dubu Mweusi. Ndani walimkuta mtu ameketi peke yake mezani. Alivaa kofia nyekundu na mavazi ya askari wa cheo, na upanga ulikuwa ubavuni mwake. Mbele yake palikuwa na kitabu kilichofunuliwa. Mtu huyo aliwakaribisha mezani kwa upole, akazungumza nao habari za masomo. Wao wakamwuliza kama Martin Luther yuko Wittenberg. Akajibu kwamba kwa wakati ule hayuko, lakini atafika karibuni.

Mmoja wa wanafunzi alichungulia kile kitabu, akaona ni Zaburi kwa Kiebrania. Wakastaajabu: askari na Kiebrania wapi na wapi? Hata mwenye nyumba alipowanong'oneza kwamba mgeni huyo ndiye Luther, hawakusadiki. Walidhani wamesikia vibaya, na kwamba mwenye nyumba ametaja jina la Hutten, mtunzi wa mashairi aliyekuwa askari wa farasi, kwa maana mavazi yale yalimfaa Hutten kuliko mtawa. Siku chache baadaye, walipoingia katika nyumba moja mjini Wittenberg, walimkuta mtu yule yule ameketi pamoja na Melanchthon. Mwanafunzi mmoja, Johannes Kessler, aliyaandika mambo hayo baadaye, na ndiyo sababu tunayajua.

Wanafunzi hao walikuwa wametoka mbali kwa ajili ya kumwona Luther. Walikula naye meza moja, wasimwone. Macho yao hayakuwa na kasoro. Yalikuwa yamesoma nguo kwanza, na baada ya hapo hawakuweza kumsoma mtu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo hilo katika historia ya watu wetu wa Afrika Mashariki. Tutaona kwamba mara nyingi nguo imeonyesha mahali ambapo jamii imemweka mtu, lakini watazamaji wameichukua kana kwamba inaonyesha moyo wake. Kosa hilo limefanywa na mabwana wa watumwa, na serikali, na hata Kanisa. Kwa mchungaji, ambaye kila Jumapili husimama mbele ya watu akiwa amevaa vazi la pekee na kuwatazama watu waliovaa mavazi ya kila namna, jambo hili si dogo.

1. Muungwana na nguo yake

Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19, tangu Lamu hadi Kilwa, tofauti kubwa kati ya watu ilikuwa ile ya muungwana na mtumwa. Kwa asili ya neno lenyewe, muungwana hakuwa mtu mwenye adabu njema. Alikuwa mtu huru, aliyezaliwa na wazazi walio huru. Leo tukisema kwamba fulani ni muungwana, hatuulizi babu yake alikuwa nani. Tunasema habari za tabia yake, kwamba ni mpole, mkweli, mwenye kuheshimu watu. Neno la cheo limegeuka kuwa neno la tabia. Mabadiliko hayo yana maelezo yake: wenye cheo ndio waliopanga kipi kiitwe tabia njema, nao walijihesabia wenyewe tabia hiyo kama urithi. Nguo ilikuwa kiungo kilichofunga mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu ilimfanya mtu aonekane bora kabla hajatenda lolote.

Muungwana mwanamume alivaa kanzu, akavaa kofia au kilemba kichwani na makubadhi miguuni. Mwenye mali aliongeza joho, na Mwarabu wa Omani alichomeka jambia. Mtumwa wa shambani alijifunga kipande cha kitambaa kiunoni. Hakutazamiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana, kwa maana hizo zilikuwa alama za watu huru. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki, kitambaa cha rangi ya buluu iliyokolea hata kukaribia weusi, mabega yake yakiwa wazi. Mjini Lamu wanawake wa jamaa kubwa walitembea chini ya shiraa, yaani pazia la kitambaa lililobebwa na watumwa kuwazunguka, wasionekane na wapita njia. Hivyo vazi la heshima la bibi mmoja lilihitaji mikono ya watu ambao wenyewe hawakuwa na ruhusa ya kujisitiri.

Hapa tunapaswa kutulia. Katika jamii ile, kujisitiri kulihesabiwa kuwa ishara ya haya, na haya ni ishara ya moyo mwema. Basi mtu aliyekatazwa kujisitiri alionekana hana haya, na aliyeonekana hana haya alihesabiwa kuwa mtu duni anayestahili kutawaliwa. Bwana alimnyima mtumwa nguo, kisha akautumia uchi wake kama ushahidi wa tabia yake. Huo ni mduara usio na mlango wa kutokea.

2. Kitambaa kimoja, majina mawili

Kitambaa kilichovaliwa sana na maskini wa pwani kiliitwa merikani. Jina hilo linaeleza asili yake. Kilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa bandari ya Salem, baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya nchi yao na Seyyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 viliidhoofisha biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi kubwa, lakini jina likabaki.

Mjini Unguja, mtu aliyejifunga merikani pekee alionekana maskini au mtumwa. Kitambaa hicho hicho kilipofika Unyamwezi au Ujiji kilikuwa fedha. Kwacho wasafiri walilipa hongo kwa watawala wa njiani, na kununua chakula na pembe za ndovu. Mtu aliyekivaa huko alionekana mwenye nguvu na mjuzi wa mambo ya dunia. Wapagazi na askari wa misafara waliotoka Unguja, ambao wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, walijiita waungwana mara walipoiacha pwani nyuma yao. Henry Morton Stanley aliwataja watu wake wa Unguja kwa jina hilo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika jina hilo likatia mizizi, hata Kiswahili cha sehemu za Kongo kikaitwa Kingwana.

Mtu yule yule, katika safari ya miezi michache, alikuwa mtumwa pwani na muungwana bara. Moyo wake haukubadilika njiani. Waliobadilika ni watazamaji. Twajifunza kwamba maana ya nguo haimo katika nyuzi zake. Imo katika mapatano ya watu wanaoitazama.

3. Waliojivika upya baada ya mwaka 1897

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 ilitoka amri iliyoondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, ingawa masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa uliondolewa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini hati ya mahakama haiwezi kuvaliwa. Mtu aliyepewa uhuru siku ya Jumatatu alirudi mtaani siku ya Jumanne akiwa na kaniki ile ile, na majirani wakamtazama kwa macho yale yale.

Kwa hiyo watu walioachwa huru walifanya jambo ambalo amri haikulifanya. Walijivika. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki wakajitwalia kanga, nguo mpya iliyoanza kuenea pwani katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Husimuliwa kwamba ilitokana na leso za mraba zilizoshonwa pamoja, na ndiyo sababu watu wa Mombasa huiita leso hata leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zilianza kuandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Anayetajwa sana katika habari hiyo ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Hivyo mwanamke ambaye mama yake hakuwa na sauti mbele ya bwana alipita sokoni akiwa na neno lake mgongoni. Shiraa nayo ilitoweka, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuibeba. Mahali pake likaenea buibui, ambalo kila mwanamke aliweza kulivaa bila kumtumikisha mwenzake.

Kwa mtazamaji wa nje, jambo hilo lingeweza kuonekana kuwa ubadhirifu. Mtu hana shamba, naye ananunua doti za kanga! Lakini tukikumbuka ule mduara tulioutaja, tutaona kwamba watu hao walijua walichokifanya. Walijua kwamba wametazamwa kwa muda mrefu kama watu wasio na haya kwa sababu tu walinyimwa cha kujifunika. Fedha zao za kwanza walizitumia kuukanusha uongo huo.

Mfano mkubwa ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya watu wa asili ya utumwa, naye alipewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba, akaimba mbele ya wakubwa na wadogo akiwa amejifunika buibui kama bibi wa kiungwana. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Aliyeitwa Mtumwa alikuja kuitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Sauti yake ndiyo iliyompa jina hilo, lakini lile buibui lilimfungulia mlango ili asikilizwe.

4. Kanzu na Injili

Wamisionari walipofika waliukuta ulimwengu huo wa alama, nao wakaongeza za kwao. Hawakuwa na nia moja. Wamisionari wa UMCA huko Unguja kwa jumla hawakupenda kuwaona wanafunzi wao wakiiga suti za Ulaya, na kanzu ikawa vazi la shule zao. Mahali pengine shati, kaptula na gauni vilifuatana na kitabu cha kusomea, hata watu wakaona ni vitu vya asili moja. Huko Kilimanjaro, Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi Moshi mpaka mwaka 1938, alionya kwamba Injili isigeuzwe kuwa chombo cha kueneza ustaarabu wa Ulaya na kuvunja vifungo vya ukoo, ujirani na rika. Onyo lake halikuweza kuzuia kila kitu. Katika sharika nyingi mtu aliyevaa ngozi aliitwa mpagani kabla hajaulizwa neno, na aliyevaa nguo ya dukani alidhaniwa kuwa msomaji.

Tutazame kanzu yenyewe. Katika Buganda ililetwa na wafanyabiashara wa Kiislamu katika karne ya 19, kabla ya wamisionari wa kwanza kuwasili mwaka 1877. Wakristo wa huko hawakuiacha. Leo ni vazi la heshima la mwanamume Mganda, awe Mkristo au Mwislamu, katika harusi na sherehe za ukoo. Kwetu Tanzania, mwanamume aliyevaa kanzu na kofia barabarani hudhaniwa mara moja kuwa Mwislamu. Lakini vazi jeupe ambalo mchungaji wa Kilutheri analivaa madhabahuni, nalo tunaliita kanzu. Vivyo hivyo joho, lililokuwa fahari ya mabwana wa pwani, leo huvaliwa na jaji mahakamani na mhitimu siku ya mahafali.

Wala tusidhani kwamba joho letu jeusi limeshuka kutoka kwa mitume. Asili yake ni vazi la wasomi wa vyuo vya Ulaya. Huko Prussia, Mfalme Friedrich Wilhelm III aliliamuru rasmi mwaka 1811 kuwa vazi la wachungaji, na katika amri hiyo hiyo waliwekwa mahakimu na marabi wa Kiyahudi. Alitaka utaratibu katika dola yake. Mshirika wa Afrika aliyemwona mmisionari wa Kijerumani katika joho hilo, akadhani ndiyo sura ya utakatifu, kwa sehemu alikuwa akiitazama amri ya mfalme.

5. Kuhukumiwa kutoka pande mbili: 1967 hadi 1969

Baada ya uhuru tungetazamia kwamba hukumu ya mavazi ingekoma. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1967 na 1968 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache lubega na kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali na mashati. Viliwekwa vikwazo, pamoja na kuwakataza kupanda mabasi wakiwa katika mavazi yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa maendeleo. Lubega ilisomwa kuwa ishara ya uvivu wa akili na kukataa mambo mapya. Kumbe ile shuka yenyewe ilikuwa kitambaa cha kiwandani kilichochukua nafasi ya ngozi baada ya biashara kufika! Wamasai walikuwa wamekwisha kupokea jambo jipya, ila walilipokea kwa namna yao.

Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kung'arisha ngozi na suruali za kubana vilipigwa marufuku jijini Dar es Salaam kwa sababu vinaharibu utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe hiyo, makundi ya vijana wa kiume yaliwashambulia wanawake mitaani na katika vituo vya mabasi. Msichana karani aliyevaa sketi fupi alihukumiwa kuwa kahaba na msaliti wa Afrika kwa kutazamwa mara moja tu.

Tuyaweke matukio hayo mawili pamoja. Nchi moja, katika muda usiozidi miaka miwili, ilimhukumu Mmasai kwa kuwa Mwafrika kupita kiasi, na ikamhukumu msichana wa mjini kwa kuwa Mzungu kupita kiasi. Wote wawili waliambiwa kwamba nguo zao zimefichua tabia zao. Hakuna kati yao aliyeulizwa anaamini nini, anamtunza nani, au anafanya kazi gani. Nia ya viongozi huenda ilikuwa njema. Heshima ya taifa changa ni jambo jema. Lakini heshima inayotafutwa kwa kumvua mtu wa chini mbele ya watu hugeuka kuwa aibu ya anayeitafuta.

6. Karlstadt na Luther

Kanisa letu lina urithi wa kutusaidia kufikiri juu ya jambo hili. Siku ya Krismasi 1521, Luther akiwa bado mafichoni Wartburg, mwenzake Andreas Karlstadt aliongoza Meza ya Bwana mjini Wittenberg bila mavazi ya ibada, akiwa katika nguo za kawaida. Baadaye, huko Orlamünde, alivaa koti la kijivu la mkulima akataka aitwe Ndugu Andreas. Nia yake ilikuwa kuondoa ukuta kati ya mchungaji na maskini. Ni nani atakayesema kwamba nia hiyo ni mbaya?

Hata hivyo Luther alimpinga, na mwaka 1525 aliandika kwa ukali, akilidhihaki hata lile koti la kijivu. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anaweza kujivuna kwa koti la mkulima kama vile anavyoweza kujivuna kwa joho la hariri, na kwamba anayekataza kile ambacho Mungu hakukikataza huweka sheria mpya juu ya dhamiri za watu. Luther mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1521 kwamba nadhiri za kitawa hazimfungi Mkristo. Lakini baada ya kurudi kutoka Wartburg aliendelea kuvaa kanzu ya kitawa mpaka mwezi Oktoba 1524. Kwa miaka hiyo alikuwa huru kuivua, na alikuwa huru kutoivua. Aliwangoja walio dhaifu.

Lakini jambo hili lina upande wa pili. Mwaka 1548 watawala walipotaka kuwarudishia Walutheri wa Saxony desturi za zamani, pamoja na mavazi ya ibada, Matthias Flacius alikataa. Alisema kwamba kitu ambacho si lazima wala si haramu hugeuka kuwa jambo la ungamo pale kinapolazimishwa ili kuificha kweli. Formula Concordiae ya mwaka 1577, katika ibara ya 10, ilikubali msimamo huo. Kwa hiyo mafundisho yetu hayasemi kwamba nguo si kitu. Yanasema kwamba nguo haiokoi wala haipotezi, lakini matumizi yake yanaweza kumjenga ndugu au kumkanyaga, nasi tutaulizwa habari za ndugu huyo.

Hitimisho

Mwandishi wa makala haya alipokuwa mchungaji kijana alikabidhiwa daftari la usharika. Kando ya jina la mama mmoja mjane wazee wa kanisa walikuwa wameandika kwamba amepoa. Kwa miaka miwili hakuwa ameonekana katika ibada ya Jumapili wala katika Meza ya Bwana. Nilikwenda kumwonya. Nilipofika aliniambia, bila hasira, kwamba yeye na binti yake walikuwa na doti moja ya kanga nzuri, na binti ndiye aliyekwenda nayo kanisani kwa kuwa ni kijana. "Mimi, Baba Mchungaji, huja sala ya alfajiri siku za kazi," alisema, "kwa kuwa bado kuna giza." Mimi niliongoza sala ile mara nyingi, na sikumjua kuwa yumo. Nilirudi nyumbani nikafuta neno lile katika daftari, lakini sikuweza kufuta jinsi lilivyoandikwa. Tulikuwa tumesoma kukosa nguo tukaandika kukosa imani.

Yakobo aliliona jambo hilo katika sharika za kwanza kabisa, katika sura ya pili ya waraka wake: tajiri mwenye pete ya dhahabu anaketishwa mahali pazuri, na maskini mwenye mavazi mabovu anaambiwa asimame pale. Samweli, nabii mkubwa, alikaribia kumtia mafuta mtu asiyechaguliwa kwa sababu ya umbo lake. Isaka alimbariki mwana asiyemkusudia kwa sababu mavazi yalikuwa na harufu ya mwana mwingine. Ikiwa manabii na mababa wa imani walikosea, na sisi tusijitumainie macho yetu.

Kwa hiyo mchungaji ana wajibu wa namna mbili. Kwanza, kuhusu vazi lake mwenyewe. Watu watamheshimu kwa kola na joho kabla hawajamjua. Heshima hiyo ni ya mkopo, naye asiitumie kama mali yake. Bwana aliwaonya watu juu ya waandishi waliopenda kutembea na mavazi marefu na kusalimiwa masokoni. Joho bila upendo ni kilemba cha ukoka. Pili, kuhusu mavazi ya wengine. Kabla ya kusema kwamba fulani ni mchafu, au mwenye majivuno, au amepoa, aulize kwanza: ni nani aliyemvika hivi, au ni nani aliyemnyima cha kuvaa? Watumwa wa Unguja, Wamasai wa mwaka 1967 na wasichana wa Dar es Salaam wa mwaka 1968 wote walihukumiwa na watu ambao hawakuuliza swali hilo.

Yule baba katika mfano wa mwana mpotevu aliamuru kijana aletewe vazi lililo bora, pete na viatu. Hakungoja kwanza aone kama tabia yake imebadilika. Watumwa wa shamba lile walipomwona mchana ule amevaa viatu, walijua mara moja kwamba huyu ni mwana. Baba aliitumia nguo kusema kweli ambayo macho ya watu yasingeiona katika matambara ya mlisha nguruwe. Mtume naye anasema kwamba sisi sote tuliobatizwa tumemvaa Kristo. Hilo ndilo vazi ambalo mchungaji hana budi kulitafuta kwanza juu ya kila mtu aingiaye mlangoni, naye atalikuta hata kwa yule anayekuja alfajiri, wakati bado kuna giza.